Mshindi wa Pili Aende Wapi? Mchujo wa Michezo ya Sekondari na Haki ya Mtoto

Mhadhara kwa walimu wa michezo, wazazi na wanafunzi wa sekondari, Tinde, Mkoa wa Shinyanga



 Mmeniomba nizungumzie michezo ya shule. Nitagusa sehemu moja tu, ile inayotufanya tununiane baada ya filimbi ya mwisho: nani aende mkoani, nani aende taifa, na nani afungashe mabegi arudi nyumbani.

UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ina ngazi zake, na wote tunazijua. Mtoto anaanzia shuleni kwake, anapanda kata, tarafa, halmashauri, kisha mkoa, ndipo anafika taifa. Mwaka 2022, 2023 na 2024 fainali za taifa zilikuwa Tabora, hapa jirani. Mwaka 2025 zikahamia Iringa. Kwa mtoto wa hapa njia panda ya Tinde, Tabora si mbali, ni kupita Nzega tu na kuendelea. Safari inayomshinda ni ile ya kutoka uwanja wa kata hadi kwenye orodha ya mkoa.

Hoja yangu nitaisema mapema ili anayetaka kunipinga apate muda wa kujiandaa. Mchujo upime uwezo wa mtoto, usipime mpaka wa mkoa, wala bahati ya droo, wala jicho la mteuzi. Na mtoto aliyeshindwa na bingwa wa kweli awe na mlango wa pili, kwa kanuni iliyoandikwa na kusomwa kabla ya filimbi ya kwanza.

Mpaka

Tanzania Bara ina mikoa 26, na kila mkoa unapeleka timu yake. Kwa sensa ya mwaka 2022, Njombe ina watu wasiofika 900,000. Shinyanga yetu ina zaidi ya milioni 2.2, Geita inakaribia milioni 3, na Dar es Salaam imepita milioni 5. Hata hivyo Njombe ni timu moja na Dar es Salaam ni timu moja. Penye watoto wengi foleni ni ndefu, penye wachache foleni ni fupi, na mlango ni ule ule.

Sisi wa ukanda huu tuna mfano wetu wenyewe. Hadi mwaka 2012, mtoto wa Bariadi, wa Maswa, wa Meatu, wa Bukombe, wa Kahama, wa Kishapu na wa hapa Tinde wote waligombea basi moja la Mkoa wa Shinyanga. Mwaka huo ukazaliwa Mkoa wa Simiyu, ukachukua Bariadi, Maswa na Meatu, na Busega kutoka upande wa Mwanza. Ukazaliwa na Mkoa wa Geita, ukachukua Bukombe yetu na Chato ya Kagera. Sasa mfikirieni kijana wa Meatu aliyekuwa wa tatu katika kurusha mkuki kwenye Shinyanga ile ya zamani, nyuma ya wawili wa Kahama. Mkoa mpya ulipotangazwa, aliamka akiwa na nafasi ya kuwa bingwa wa mkoa. Mkono wake haukuongezeka nguvu usiku ule. Kilichosogea ni mstari kwenye ramani.

Simaanishi tuifute mikoa kwenye michezo. Tukisema taifa lichukue wenye muda bora tu, mbio za kati na ndefu zote zitajaa watoto wa Arusha, Manyara na Singida, na hatutakuwa na ubishi nao. Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kule Christchurch, New Zealand, mwaka 1974, alitoka Karatu. Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025, ni mtoto wa Singida. Mkoa usiokuwa na urithi huo ukifungiwa mlango hautaupata kamwe, kwa sababu mtoto hujifunza kukimbia kwa kukimbia na wanaomzidi. Kwa hiyo kila mkoa ubaki na nafasi yake ya uhakika. Ninachokataa ni kwamba nafasi hiyo ndiyo iwe mwanzo na mwisho wa hesabu.

Tukiwa bado Tokyo, hebu tuitazame fainali ile ya Simbu. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Walitenganishwa kwa picha, tofauti ikiwa sekunde 0.03. Petros alirudi kwao na medali ya fedha, na dunia nzima ikajua kwamba ni mkimbiaji wa daraja moja na bingwa. Tukio kama hilo lingetokea kwenye mchujo wenye nafasi moja, mwenzake Simbu angerudi nyumbani, na mwaka unaofuata hakuna ambaye angekumbuka jina lake.

Droo

Tatizo la pili ni la michezo ya mtu kwa mtu: mpira wa meza, bao, na mieleka popote itakapoanzishwa shuleni kwa kanuni zake. Tunapenda mtoano kwa sababu ni mwepesi kuuendesha. Ukipoteza, umetoka. Jioni tunampata bingwa, na aliyepoteza fainali tunamwita mshindi wa pili. Je, kweli ni wa pili?

Kuna mwalimu wa hisabati wa Oxford, Charles Dodgson, ambaye ulimwengu unamjua kwa jina la Lewis Carroll, yule aliyetunga hadithi ya Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 1883 aliandika kijitabu akilalamikia mashindano ya tenisi ya Uingereza kwa jambo hili hili. Tuifanye hesabu yake kwa mpira wa meza wa hapa kwetu. Wachezaji ni 8. Mweke aliye bora kuliko wote mahali popote kwenye droo. Zimebaki nafasi 7. Kati ya hizo, 3 ziko upande wake na 4 ziko upande wa pili. Aliye wa pili kwa ubora akiangukia mojawapo ya zile 3, atakutana na bingwa kabla ya fainali na kutolewa. Yaani katika kila droo 7, 3 zinamtupa nje mchezaji wa pili kwa ubora, na anayevaa medali yake ni wa tatu, wa nne au hata wa tano. Hapo hakuna mwamuzi aliyehongwa wala mwalimu aliyefanya fitna. Ni karatasi ya droo tu.

Huko Marekani mieleka ya shule za sekondari ni mchezo mzito, hasa katika majimbo kama Iowa na Pennsylvania. Vijana wanashindana kwa makundi ya uzito, wanaanza ngazi za chini na kupanda hadi ubingwa wa jimbo. Malalamiko ya wazazi wao mkiyasikia mtadhani ni ya Kishapu na Ushetu: kanda yetu ina vijana watatu hatari kwa uzito mmoja, kanda ya jirani ni mteremko, na nafasi za kwenda jimboni ni zile zile. Wamebishana miaka mingi, na njia walizozipata zinatufaa hata sisi tusio na mikeka ya mieleka.

Njia ya kwanza, anayepoteza mara moja haendi nyumbani. Anaingia upande wa pili wa ratiba, na akiendelea kushinda huko anaweza kufika nafasi ya tatu. Njia ya pili inapendeza zaidi kwa uchache wake: pambano la kumtafuta wa pili wa kweli. Aliyepoteza fainali akiwa hajawahi kukutana na aliyeshinda nafasi ya tatu, wanakutanishwa, na atakayeshinda ndiye wa pili. Njia ya tatu inatumika katika jimbo la New York: mabingwa wa kanda wanaingia moja kwa moja, na zipo nafasi za ziada kwa wenye rekodi nzuri ambao kandani kwao walikutana na aliyewazidi.

Mwalimu mmoja hapa atasema, mhadhiri, hatuna muda wa hayo. Tuhesabu pamoja. Mtoano wa watu 8 una michezo 7. Wanaoweza kudai kuwa wa pili wa kweli ni wale tu waliotolewa na bingwa mwenyewe, kwa sababu mwingine yeyote ametolewa na mtu ambaye naye amepoteza. Hao ni watatu: mmoja wa robo fainali, mmoja wa nusu fainali, na mmoja wa fainali. Wa robo acheze na wa nusu, mshindi wao acheze na yule wa fainali. Michezo ya ziada ni 2, jumla 9. Kwa mpira wa meza hiyo ni chini ya saa moja, muda ambao kwa kawaida tunautumia kumsubiri mgeni rasmi.

Daftari la wateuzi

Sasa niingie panapowasha. Kwenye mpira wa miguu, netiboli, wavu, kikapu na mikono, mkoa unaunda kombaini, yaani timu ya wachezaji wa shule mbalimbali. Fainali ikiisha, wateuzi wanakaa pembeni chini ya mti, daftari moja, kalamu moja, vichwa vitatu vimeinama. Watoto wamesimama mbali na jezi zilizoloa jasho, wanajifanya wanapiga stori huku macho yako kwenye lile daftari. Jua linapozama, kipaza sauti kinakoroma na majina yanasomwa. Aliyefunga mabao mawili hayumo. Aliyeingia dakika za mwisho yumo. Nani ameeleza sababu? Hakuna. Huenda sababu ipo na ni nzuri kabisa: yule mfungaji anacheza nafasi ambayo tayari ina watu wanne, na yule aliyeingia mwisho ni beki wa kushoto pekee aliyeonekana. Sababu isiyosemwa huzaa maneno, na maneno yakishatoka uwanjani hayarudi. Tunaanza kusikia kabebwa, mjomba wake ni fulani, shule ile ina mkono mrefu.

Watu wa Usukumani tulilijua tatizo la kuamua mshindi zamani sana. Kwenye sherehe za Bulabo kule Bujora, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji wako huru kuhama. Mwenye watu wengi ndiye aliyeshinda. Figisu hazikukosekana, maana kila upande uliushutumu mwenzake kwa dawa za kuvuta watu, lakini hakuna aliyeweza kusema hakuona matokeo. Umati ulikuwa pale, mkubwa na mdogo, kila mtu aliuona kwa macho yake. Uamuzi ulitolewa hadharani, na hilo ndilo lililopungua kwenye viwanja vyetu vya shule.

Wapo wanaosema dawa ni kufuata Kenya. Kule shule bingwa ndiyo inayopanda, kutoka kaunti ndogo hadi taifa, ikiwa na wachezaji wake yenyewe. Uzuri wake ni kwamba hakuna daftari: umeshinda, umepanda. Ubaya wake ni kwamba shule zenye jina zinavuta vipaji kutoka kila pembe, na mtoto hodari aliyebaki kwenye shule ya kata isiyo na uwanja haonekani hadi anamaliza kidato cha nne. Kwa mazingira yetu, ambako shule nyingi ni za kata na mipira inahesabika, ningependa kombaini ibaki. Lakini iwe na kanuni. Theluthi moja ya kikosi itoke shule bingwa, isijadiliwe. Waliobaki wachaguliwe na wateuzi watatu ambao hakuna kati yao anayefundisha timu iliyoshiriki. Kila mteuzi atoe alama zake kwa maandishi kabla ya kukaa na wenzake. Orodha ibandikwe na sababu yake kwa kila nafasi, hata kwa mstari mmoja, na rufaa isikilizwe jioni hiyo hiyo kabla watu hawajapanda magari.

Mlango wa pili

Kwenye riadha tuna bahati, kwa sababu utepe wa kupimia haujui mjomba wa mtu. Kurusha tufe mita 11 kule Kahama ni mita 11 kule Iringa. Hapa napendekeza kanuni moja ya taifa. Mabingwa wa mikoa 26 waende bila swali. Kisha ziongezwe nafasi 6 kwa kila mchezo, wapewe wa pili na wa tatu wenye vipimo bora nchi nzima, bila kujali mkoa. Jumla ni 32, na 32 kwenye mbio za njia nane ni makundi manne kamili. Mtoto wa tatu wa mkoa wenye ushindani mkali atampita wa pili wa mkoa mwepesi, na hakuna atakayeweza kusema amebebwa.

Tusijidanganye, kwenye mbio fupi kuna mtego. Saa ya mkononi ya mwalimu mmoja na ya mwalimu mwingine hazilingani, na kidole kikichelewa kidogo nafasi imepotea. Kanuni za kimataifa zina jibu: wapima muda wawe watatu kwa kila anayepimwa. Saa mbili zikikubaliana, huo ndio muda. Zote zikitofautiana, chukua wa katikati. Mahali penye saa mbili tu, chukua ule mrefu. Ni kanuni ndogo, ila ukiifuata umeondoa nusu ya ugomvi. Hata hivyo, kwa kuwa viwanja vyetu havilingani, nafasi za ziada zianze na michezo ya kuruka na kurusha, ambayo hupimwa kwa utepe. Mbio zifuate pale tutakapoviamini vipimo vyetu.

Mlango wa pili si huruma. Kwenye AFCON, tangu mwaka 2019 timu zilipokuwa 24, timu 4 bora zilizomaliza nafasi ya tatu kwenye makundi zinavuka. Ureno walitoka sare mechi zao zote tatu za makundi kwenye kombe la Ulaya mwaka 2016, wakamaliza wa tatu, wakavuka kwa mlango huo, na wakaondoka Paris na kombe. Kwenye Olimpiki ya Paris 2024, mbio za kuanzia mita 200 hadi 1500 ziliongezewa raundi maalumu kwa ambao hawakufuzu kwenye raundi ya kwanza. Kama wakubwa wa dunia wanakubali kwamba siku moja mbaya isimalize hesabu, sisi tunaoshughulika na watoto wa miaka 16 tunaona ugumu gani?

Mamluki, nauli na mabinti

Mlango wa pili ukiwa wazi bila mlinzi, wataingia mamluki. Tunawajua: mchezaji wa ligi ya mtaani anavalishwa sare Ijumaa, Jumatatu hayupo darasani. Siku hizi mwanafunzi ana namba ya utambulisho, ile ya PReM. Namba hiyo iandikwe mbele ya jina lake tangu fomu ya kata, na anayeshinda asiwe bingwa hadi ihakikiwe. Shule itakayokutwa na mamluki ipoteze nafasi, na nafasi hiyo iende kwa aliyeshindwa naye, ambaye mara nyingi ndiye aliyedhulumiwa.

Nauli nayo. Msalala wana Bulyanhulu, Kishapu wana almasi ya Mwadui. Tangu marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2017, kampuni ya mgodi inatakiwa kuandaa mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na mamlaka ya serikali za mitaa. Michezo ya shule iingie kwenye mipango hiyo kwa maandishi, tena kwa sura ya mkoa, kwa sababu halmashauri isiyo na mgodi nayo ina watoto. Hapa Tinde tuna malori ya kwenda Rwanda na Burundi, na lori halitulipii jezi.

Na mabinti. Wazazi wenzangu, binti anapoambiwa Alhamisi kwamba Ijumaa ni mchujo, na nyumbani kuna maji ya kuchota na mdogo wa kubeba, mnajua atakayebaki ni nani. Hakushindwa uwanjani, alishindwa na taarifa. Tarehe ya mchujo ifike kwa mzazi wiki mbili kabla, na jina la mwalimu wa kike atakayesafiri nao liwemo kwenye barua hiyo.

Tuanze wapi

Nafasi 6 za ziada zinahitaji uamuzi wa wizara na TAMISEMI, na tutawaandikia. Ila mengi niliyosema hayahitaji barua kutoka Dodoma. Mashindano ya kata ni yetu. Tunaweza msimu ujao kucheza ile michezo 2 ya kumtafuta wa pili wa kweli. Tunaweza kuazima saa tatu badala ya moja. Tunaweza kubandika matokeo ubaoni siku ile ile, majina na vipimo, hadi ya aliyemaliza wa mwisho.

Wenye umri wangu wanakumbuka mwanzoni mwa miaka ya 2000, michezo hii ilipofutwa shuleni kwa hoja kwamba inaharibu masomo, ikaja kurudi katika awamu ya nne. Wapo wanaoogopa kwamba tukizidisha madai itafutwa tena. Mimi naona kinyume. Michezo yenye kanuni zinazosomeka inafundisha somo ambalo darasa linalitamani: kwamba ukishindwa kwa haki unaweza kujipanga upya, na ukidhulumiwa unajua pa kupeleka shauri. Mzazi akiliona hilo ataitetea michezo mwenyewe.

Nawaachia wanafunzi kazi moja. Msimu ujao, mgeni rasmi akimaliza kufungua mashindano ya kata na kuuliza kama kuna swali, mmoja wenu anyooshe mkono aulize kwa adabu: kanuni za mchujo ziko wapi, tuzisome? Na ninyi walimu, mjitahidi karatasi hiyo iwe imeshabandikwa.